Naambiwa "toa maji", na picha yenyewe ni ya BAHARI!!!

Chumvi_Mbichi

Wakuu, nafungua uzi huu mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Ile programu. Siitaji, mnaijua wote, ile ya kutengenezea mandhari, ukiifungua inakuwekea kilima na jua linalochwa kama vile inakupenda. Asubuhi hii nimepata jibu la watu wake wa huduma kwa wateja. Nawatafsiria neno kwa neno: "Tumepokea ripoti yako. Tunakushauri uondoe maji kwenye mandhari kisha ujaribu tena."

NIONDOE MAJI.

Jamani, picha ni ya bahari! Mlango wa Mto Pangani alfajiri, mto unaingia baharini, ngalawa moja, mikoko ng'ambo, basi. Ukitoa maji hapo kinabaki nini? Ngalawa imekaa shimoni. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani inayokata uzi, akakwambia shona bila uzi. Ni sawa na kumlalamikia mama ntilie kuwa wali umeungua, akakujibu toa mchele.

Mkasa wenyewe huu hapa. Hii kazi nimekaa nayo wiki tatu. Mizizi ya mikoko nimeichomeka mmoja mmoja. Mteja ana nyumba ya wageni kulekule Pangani, anataka picha ya kufunika ukuta, pikseli 8,000 kwa upana. Juzi saa tatu usiku nikabonyeza renda, programu ianze kuchora picha kamili. Nikazima friji. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare za watoto, nikamwomba aache. Feni ya mezani nikaielekeza kwenye laptopu, sisi tukalala na joto kama mandazi kwenye karai.

Saa nane naamka kuchungulia, anga limeisha, safi. Saa tisa mikoko imeisha, kila jani unalihesabu. Vile viboksi vinashuka mstari kwa mstari, vilipofika kwenye maji vikaanza kutambaa. Saa kumi na moja na nusu, asilimia 97. TISINI NA SABA! Kimebaki kile kipande cha chini kabisa, pale povu linapolamba mchanga. Nimesimama nyuma ya kiti na kikombe mkononi. Skrini ikawa nyeupe kama shuka la hospitali. Feni ya laptopu ilikuwa inavuma kama ndege inataka kuruka, ikanyamaza kimya. Kisha kikaja kile kiboksi: programu imesitisha kazi, ungependa kutuma ripoti?

Masaa manane na nusu yamekwenda. Na haikuhifadhi hata pikseli moja, kwa sababu yenyewe inahifadhi ikishamaliza.

Nikatuma ripoti, kwa adabu, kwa Kiingereza changu chote. Nikaeleza: draiva, yaani kiprogramu kinachoendesha kadi ya grafiki, nimeweka mpya, imekrashi. Nimerudisha ya zamani, imekrashi. Tekscha, zile picha za kuvalisha maumbo, nimezipunguza, imekrashi. Nikificha maji, inamaliza bila hata kukohoa. Yaani mwizi nimewaonyesha kwa kidole, nimewaandikia kabisa kwamba tatizo ni maji. Wananijibu toa maji! Nimelipia leseni ya mwaka mzima, hela ya kodi ya nyumba, niambiwe nitoe maji baharini.

Mwenye kujua anisaidie. Ila asithubutu kuniambia nitoe maji.

Nawasilisha.

---

mzee_wa_kona

Pole sana mkuu. Ila sioni ugumu. Toa maji, halafu mwambie mteja hiyo ni kupwa.

Binti_Bamvua

Hahahaa kupwa! Kaka Chumvi, na wala hutakuwa umedanganya. Siku za bamvua bahari yetu inashuka zaidi ya mita tatu, mchanga unabaki wazi, wamama wanaokota chaza. Waweke wamama watatu na ndoo zao, kazi imekwisha.

Chumvi_Mbichi

Dada, nimeomba msaada, sikuomba wamama wenye ndoo.

kobe_wa_mwendokasi

Laptopu ina RAM ngapi?

Chumvi_Mbichi

16.

kobe_wa_mwendokasi

RAM 16 unataka kubeba Bahari ya Hindi. Mshukuru Mungu haijawaka moto.

fundi_pikseli

Punguzeni kelele kidogo. Mkuu Chumvi, sikiliza.

Programu inachora kwa kufuata miale ya mwanga. Mwale ukigonga jani, habari yake karibu imeishia hapo. Ukigonga maji unagawanyika: mmoja unaruka kwenda kuakisi anga, mwingine unazama umepinda, ndicho kile kipimo cha mwanga kupinda, 1.33, unachokiona kwenye mipangilio ya maji. Kila mmoja ukikutana na wimbi jingine, unagawanyika tena. Umeacha kina cha miale, yaani mara ngapi inaruhusiwa kugawanyika, kwenye 12? Basi mwale mmoja unaweza kufikia matawi 4,096, na hapo tunazungumzia pikseli moja tu.

La pili ni mawimbi. Naona kabisa umeweka mawimbi ya umbo la kweli. Kila ukipandisha ngazi moja ya kugawanya, uso mmoja, yaani kipande kimoja cha umbo, unazaa nne. Ngazi ya 6, uso mmoja umekuwa 4,096. Bahari ikiwa na nyuso 10,000, umeagiza karibu milioni 41. Kumbukumbu ya kadi itazipokea wapi?

La tatu, kama unarenda kwa kadi, Windows inailinda kama askari wa geti. Kadi isipojibu kwa sekunde 2, inaizima draiva na kuiwasha upya, na programu iliyokuwa inaitegemea inaanguka. Hiyo skrini nyeupe na feni kunyamaza ndivyo inavyokuwa. Haikufia kwenye povu kwa bahati mbaya, povu ndiyo sehemu nzito kuliko zote kwenye picha yako.

Fanya hivi. Mawimbi ya kweli yabaki kwenye mita chache za mbele ya kamera, ya mbali yawe ya kudanganya macho tu, hakuna atakayejua. Miale ishushe hadi 6. Na usirende picha nzima, kata vipande, kila kimoja ukihifadhi, utaviunga baadaye. Kimoja kikianguka umepoteza kimoja.

Chumvi_Mbichi

Fundi, Mungu akubariki. Kina 12 ni kweli, mawimbi ngazi ya 6 ni kweli, sijui umejuaje.

Lakini wakuu mnaona? Huyu hanijui, hajala hata shilingi yangu, amekaa na bando lake akaniandikia yote haya. Wale niliowalipa wameniandikia sentensi moja. Wangesema tu "punguza ngazi ya mawimbi". Maneno manne! Wameona ni shida kuyaandika, wakaona rahisi kunikausha bahari. NITOE MAJI. Bado naisikia sentensi hiyo kichwani.

mlima_meru_boy

Wewe una bahati, wewe ni maji. Mimi ni nyasi. Nilipanda uwanda mzima wa nyasi, ikakrashi NIKIHIFADHI. Sikuwa narenda, nahifadhi! Na faili likaharibika humohumo. Nilipowaandikia nikaambiwa nipunguze nyasi. Mbuga bila nyasi, simba amekaa kwenye sakafu.

mzee_wa_kona

Simba kwenye kupwa.

Tausi_Studio

Programu afadhali, inakrashi na unajua imekrashi. Shida ni wateja. Jana mmoja kaniambia "hilo jua lihamishie upande wa pili, kidogo tu". Jua! Vivuli vyote virudiwe, maji yote yang'ae upya, na advansi alinipa nusu ya nusu.

mlima_meru_boy

Wa kwangu aliuliza kama naweza kumzungusha simba tuone mgongo. Ni picha iliyokwisha chapwa.

Tausi_Studio

Usinikumbushe kuchapa! Bluu ya bahari niliyoilea mwezi mzima imerudi zambarau kama bilinganya. Kijana wa duka la kuchapa ananiambia "ndivyo ilivyokuja". Haikuja hivyo!

fundi_pikseli

Dada, wino wa mashine ni rangi nne, ile bluu kali ya skrini humo haimo. Igeuze mwenyewe kabla hujapeleka, uione inavyofifia, urekebishe. Ukiiacha wakugeuzie wao, ndiyo bilinganya hiyo.

Tausi_Studio

Na mita mbili nzima nimelipia. Bilinganya la mita mbili.

dalali_wa_mtandao

Nina mashine RAM 64, kadi ya GB 12, haijatumika sana. Maji, nyasi, simba, vyote inameza. Njoo PM.

kobe_wa_mwendokasi

Haijatumika sana, ilikuwa inachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana.

Chumvi_Mbichi

Wakuu, nimekata vipande kumi na viwili, miale 6. Vitano vimepita! Nimeweka kimoja hapo chini mkione, kile chenye ngalawa.

Binti_Bamvua

Kaka Chumvi, mikoko umeitendea haki. Ila hayo maji ni ya wapi?

Chumvi_Mbichi

Pangani, dada. Nimeandika juu.

Binti_Bamvua

Nimezaliwa Pangani. Pale mlangoni maji si bluu, ni ya tope, rangi ya chai ya maziwa, mto unashuka na udongo wake toka huko bara. Bluu unaikuta ukishatoka nje. Hayo uliyoyaweka ungeniambia ni Maldives ningekubali.

fundi_pikseli

Sasa hilo ni jema kwako mkuu. Maji ya tope hayaonyeshi chini. Zima kabisa ule mwale unaozama, bakiza wa kuakisi. Hautagawanyika tena, mzigo unashuka vibaya sana.

mzee_wa_kona

Yaani wiki tatu unapigania kuona sakafu ya bahari isiyoonekana.

Chumvi_Mbichi

Mteja alitaka bluu. Na hata kama ni tope, tope si maji? Hakuna aliyekuwa na haki ya kuniambia

Kipande cha sita kimekrashi. Cha povu.

mtu_wa_bweni

Samahani, mimi nauliza, pantoni iko wapi? Mlango wa Pangani bila pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, siutambui.

Binti_Bamvua

Pantoni inavukia ndani kidogo, siyo hapo. Hapo yeye kasimama upande wa baharini.

mtu_wa_bweni

Dada, nimevuka na ile pantoni tangu nasoma darasa la kwanza. Kama mikoko iko kushoto, pantoni lazima ionekane.

Binti_Bamvua

Mikoko iko kulia. Geuza simu.