Minnesota iingie kompakti ya leseni za manesi au ikae nje? MJADALA

Mleta mada:
Wadau wa Minnesota, hasa nyinyi wa Brooklyn Park, hebu tuongelee hii maneno bila kununiana. Jirani zetu wote, Wisconsin, Iowa, North Dakota na South Dakota, wako kwenye kompakti, yaani nesi anachukua leseni ya jimbo anakoishi na inamruhusu kufanya kazi majimbo mengine karibu 40 bila kuomba upya. Sisi hatumo. Mimi nasema tuingie. Nesi wa Moorhead akivuka mto tu yuko Fargo, lakini lazima awe na leseni mbili, alipe mara mbili, akumbuke tarehe mbili. Halafu kuna hii ya simu, mgonjwa wako mzee amekimbilia Arizona kukwepa baridi, anakupigia unamwelekeza mambo ya dawa, kisheria hapo umefanya kazi Arizona kwa sababu wanaangalia mgonjwa yuko wapi sio wewe umekaa wapi. Wangapi hapa mnalijua hilo??

ZamuYaUsiku:
Napinga, na chama cha manesi cha Minnesota pia kinapinga. Septemba 2022 manesi kama 15,000 waligoma siku 3 Twin Cities (Minneapolis na St. Paul) na Duluth, mmesahau? Hospitali zikaleta manesi wa kukodi. Sasa hivi angalau mtu wa mbali lazima apite kwanza kwenye bodi yetu, ile inayotoa leseni za manesi, kompakti ikiingia atashuka uwanja wa ndege asubuhi na jioni yuko wodini kwako. Mgomo una nguvu pale tu ambapo nafasi yako ni ngumu kujazwa, hiyo ikiondoka umebaki na bango tu barabarani. Na mafunzo je? RN (nesi aliyesajiliwa) wa hapa anadaiwa saa 24 za mafunzo kila miaka 2, LPN (nesi wa ngazi ya chini yake) saa 12. Wisconsin RN haulizwi hata saa moja, na huyo ndiye atakuja kusimama na wewe bega kwa bega.

Mleta mada:
Dada ZamuYaUsiku si umejijibu mwenyewe, 2022 waliletwa na kompakti haikuwepo 😂 Mwenye pesa ya kukodi hashindwi na fomu. Anayeshindwa ni sisi, mama ana watoto, anataka shifti mbili tatu ng'ambo ya mto, mji wa Hudson, Wisconsin, anaambiwa asubiri leseni.

KijanaWaLPN:
saa 24 zenyewe tunazijua jamani, watu wanabofya slaidi usiku wakiwa wamelala nusu

Mzee wa Duluth:
Nyote mnagombania mlango na nyumba haina watu. Kompakti haizalishi nesi hata mmoja, inawahamisha tu. California haimo kwenye kompakti mpaka leo, lakini sheria yao iliyoanza kutumika 2004 sasa inasema wodi ya kawaida nesi mmoja asizidi wagonjwa 5. Tupiganie hiyo kwanza, mambo ya leseni baadaye.

ZamuYaUsiku:
Asante mzee. Na vyeti feki vya Florida je, Januari 2023, diploma za unesi zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu! Mtu kama huyo apewe leseni ya majimbo yote?

Mleta mada:
Hata New York ambayo haimo ilijikuta na manesi wenye vyeti hivyo hivyo, kwa hiyo kukaa nje hakukuwakinga. Leseni ya kompakti inadai alama za vidole, zichunguzwe jimboni na serikali kuu, na ukiwa na hatia ya kosa kubwa la jinai hupewi. Mzee, la wagonjwa 5 nakuunga mkono kabisa, lakini hayo mawili hayagombani, tunaweza kudai yote.

Nahamia_Baridi:
Samahani naingilia, nina leseni ya kompakti ya Texas, nahamia St. Paul, naanzaje?

Mzee wa Duluth:
Karibu. Ukishahamisha makazi yako huku, hiyo ya Texas inageuka ya Texas peke yake, haikubebi kokote tena. Omba ya Minnesota kwa njia ya kuthibitisha leseni uliyo nayo, mtihani wa leseni, NCLEX, hurudii. Anza na alama za vidole ungali huko huko, na usiguse mgonjwa hapa mpaka bodi ikujibu hata kama ejensi inakuharakisha.

ZamuYaUsiku:
Na ujiunge na chama 😏