Naombeni ushauri: kontena linaelea baharini, nahodha hataki litangazwe

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, mimi ni ofisa wa zamu kwenye meli ya mizigo. Tumeliacha kontena linaelea, limechomoza juu ya maji kidogo tu. Nahodha kasema tusonge, lisiandikwe popote. Je, nami nina kosa?

Rubani_Mstaafu: Pole. Sisi wa angani adui yetu ni leza. Ndege inakaribia kutua, mtu anakumulika kutoka chini, macho yanaingia kiwi. Desemba 2018 taarifa za droni zilifunga uwanja wa ndege wa Gatwick, London. Watu wanadhani ni mchezo!

Usukani: Rubani, kaulizia bahari. Mkuu, SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini) sura ya 5, kanuni ya 31: nahodha azijulishe meli za karibu na mamlaka ya pwani. Tangu Januari 2026 makontena yametajwa waziwazi, ukiyapoteza au ukiyaona tu. Hilo ni la nani?

Zamu_ya_Usiku: La nani inahusu nini?

Usukani: Inahusu. Jibu.

Zamu_ya_Usiku: Letu. Yamedondoka matatu, meli ililala sana. Lakini huku meli hazipiti sana, na yatazama. Barua kwa kampuni nimeshaandika, naituma tukifika bandarini. Nina familia, wakuu.

Mke_wa_Mvuvi: Yatazama lini? La friji kuta zake zimejaa povu, linaweza kuelea wiki nzima na zaidi. Mume wangu boti yake ilipasuliwa usiku na kitu ambacho hakukiona. Aliokolewa, mwenzake hakuonekana tena. Nawe una familia, sawa.

Kijiti: Chai hii. Kontena lililolala maji kwa maji hata rada hulikosa, yeye gizani kalionaje? Na intaneti katikati ya bahari kaitoa wapi?

Zamu_ya_Usiku: Satelaiti, kaka. Na nililiona likianguka, taa za sitaha zilikuwa zinawaka.

Kijiti: Mwanzo ulisema "tumeliacha linaelea". Sasa umeliona likianguka. Kesho?

Mke_wa_Mvuvi: Kijiti, kama ni uongo tumepoteza dakika. Kama ni kweli?

Usukani: Andika saa, latitudo, longitudo na idadi. Mrudie nahodha, mwombe atangaze "sekyurite", yaani onyo la hatari kwa meli nyingine, kwenye redio ya VHF chaneli 16. Akigoma, kila kampuni lazima iwe na mtu wa usalama nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja kwa wakubwa. Mpigie huyo.

Zamu_ya_Usiku: Namba yake ipo ukutani. Nahodha atajua ni mimi.

Usukani: Atajua. Piga sasa, bandarini mbali.