Mpwa wangu kaacha kusomea umeme, anaogopa maroboti. Nimwambie nini?

Mjomba_Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mpwa wangu kamaliza Kidato cha Nne, nikampeleka Vitongoji, hapa Pemba, kusomea umeme kwenye chuo cha amali. Ada yake ni pesa ya karafuu tulizochambua usiku na mama yake mpaka vidole vikawaka. Sasa kagoma. Kaona kwenye simu roboti la miguu miwili likikunja nguo, anasema, "Mjomba, nikija kumaliza kazi yenyewe haipo." Kutwa yuko barazani. Kumlazimisha sitaki, kumwachia roho hainipi.

FundiSaateni:
Wa alaykum salaam. Usiidharau hofu yake. Unimate, roboti la kwanza la kiwandani, lilianza kazi 1961 kwa General Motors, New Jersey, likitoa vyuma vya moto kwenye kalibu. Mwaka 2025 Amazon ilitangaza kufikisha maroboti 1,000,000 kwenye maghala yake. Lakini mule sakafu imesawazishwa na rafu zimepangwa kwa ajili yao.

Juzi nilikuwa navuta nyaya kwenye nyumba moja Mji Mkongwe. Ukuta wa mawe na chokaa: hapa ukigusa unameguka, pale patasi inarudi. Swichi nimeikuta nyuma ya kabati, nyaya zote rangi moja, mwenye nyumba hajui nani alifunga. Nilifuata waya mmoja mmoja kwa testa mpaka alasiri. Kazi hiyo sijaona roboti la kuiweza.

BintMkoani:
Shikamoo mjomba. Na mkarafuu je? Brazil wana mashine za kutikisa mibuni, kahawa ikaanguka. Mkarafuu tawi lake linakatika upesi, na ukilivunja umejipunguzia mavuno ya mbele. Mchumaji analivuta taratibu kwa upembo, fimbo yenye ncha ya kulabu, anachuma kishada kabla maua hayajafunguka.

Pwani_Kavu:
Tusimpe kijana matumaini matupu. Mashine bei zake zinazidi kushuka, na kazi ya kurudiarudia jambo moja itakwenda kweli. Ila roboti ni mota, betri na nyaya. Likizima ataitwa nani? Arudi darasani, mota azisome zaidi ya wenzake.

Mjomba_Wete:
Nimemsomea yote. Kanyamaza muda, halafu kauliza kama Fundi anachukua wanagenzi wakati wa likizo.

FundiSaateni:
Nachukua. Akishuka boti bandarini Malindi, hapa Unguja, anipigie, na aje na testa yake.