Naomba ushauri: michango ya benki za Kiislamu na faida yao, nipimeje?

Assalamu alaykum. Nalinganisha michango kwa jamii na faida kwa mali (faida halisi ikigawanywa kwa jumla ya mali) za benki za Kiislamu, kwa tasnifu hapa Unguja.

Faini ya kuchelewesha malipo ya murabaha (benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa) kwa kawaida si pato la benki, huenda kwenye sadaka. Nikiihesabu kama mchango, benki yenye wadaiwa sugu wengi itaonekana karimu kuliko zote! Naona niiondoe kwenye hesabu. Zaka je? Ni 2.5% kwa mwaka wa Hijria, takriban 2.577% kwa Miladia, ila wenye hisa wakiitoa wenyewe, vitabuni mwa benki haionekani.

Halafu, faida ndiyo inayozaa michango au kinyume chake? Nafikiria kulinganisha faida ya kila mwaka na michango ya mwaka uliotangulia. Na dirisha la Kiislamu (kitengo cha Kiislamu ndani ya benki ya kawaida) lisilo na hesabu zake peke yake, niliache?