Dokumentari za wachezaji waliopotelea njiani: ulimkumbuka nani ukitazama? Tupeane uzoefu

MtotoWaZiwa
Wakuu, jana stima ilirudi saa tatu usiku, nikaona badala ya kulala nimalizie ile ya Diego Maradona aliyoitengeneza Asif Kapadia, ya 2019. Inaanza na gari linakimbizwa barabarani Napoli, siku anapelekwa uwanjani mara ya kwanza, Julai 1984. Watu zaidi ya elfu 70 wamejaa kumwona tu akipiga danadana. Akawapa ubingwa wa 1987, Kombe la UEFA 1989, ubingwa tena 1990. Machi 1991 anapimwa, kokeini, marufuku ya miezi 15, anaondoka mji uleule karibu peke yake.

Nilimkumbuka winga wetu wa Nyalenda, hapa Kisumu. Mguu wa kushoto ule, we! Akifunga Jumapili, hadi Jumatano hajanunua kinywaji kwa pesa yake. Kila mtu alitaka isemwe ndiye aliyemwekea meza. Mimi mwenyewe nimemwekea, si mara moja. Siku hizi anaosha matatu. Akiniona husema "mkubwa, hata ya soda?" nami hutoa hamsini nikitazama kando.

Haya, nani mwingine filamu imemgusa pabaya?

Kaptembwa Juu
Pombe ya shabiki haina bei. Umesema kweli tupu.

MlaOmena
Hiyo ya Napoli inapatikana wapi? Nina bando la usiku tu.

MamaWawili
Mimi si dokumentari, ni yale mahojiano ya Dele Alli, yule mchezaji wa Uingereza, na Gary Neville, Julai 2023. Alieleza aliyofanyiwa akiwa na miaka sita, na vile dawa za usingizi zilivyomshika. Nilikuwa naangalia kwa simu jikoni, nachambua sukuma. Sikujua kijana wangu amesimama nyuma yangu. Yeye alichukuliwa na timu akiwa na miaka 17, akarudishwa na 19, goti limeisha, na begi lenye jezi mbili. Tangu hapo ni pombe ya chang'aa. Alisikiliza kidogo akasema, "Mama, zima."

Nikazima. Hatujaongea juu yake tena.

Kaptembwa Juu
Pole mama. Hiyo "zima" imebeba mengi.

Shabiki Sugu
Pole Mathe. Lakini msimzimie kabisa, siku moja iache iendelee.

JezI_ya_Buluu
Mnalialia na Wazungu na Waajentina, wetu nani atawatengenezea filamu? Ingwe, yaani AFC Leopards, ilibeba kombe la vilabu la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, 1982, 83 na 84 mfululizo. Kuna wazee waliocheza pale leo ukiwapita sokoni Kakamega huwatambui.

K'Ogalo Damu
CECAFA ni mlo wa jioni. 1987 sisi Gor Mahia tulichukua kombe la Afrika lenyewe, la Washindi. 2-2 kule Tunis na Espérance, 1-1 Kasarani, tukabeba kwa bao la ugenini. Anzia hapo dokumentari yako.

JezI_ya_Buluu
Tangu 1987 mnaishi kwa wimbo huohuo mmoja. Mara moja!

K'Ogalo Damu
Mara moja ni kubwa kuliko sifuri, omera.

MtotoWaZiwa
Jamani, huu si uzi wa derby. Tafadhali.

Kiraka wa Zamani
Acheni niwachekeshe kabla watu hawajatukanana. Mnakumbuka Ufaransa 2010, Kombe la Dunia pale Afrika Kusini? Anelka anafukuzwa kambini, wachezaji wanakataa mazoezi, wanajifungia ndani ya basi, kocha Domenech ndiye anasomea wanahabari barua ya mgomo wa wachezaji wake mwenyewe. Kila nikiona picha za basi lile nacheka peke yangu, kwa sababu sisi pia tuligoma kwenye basi. Nakuru, nje ya uwanja wa Afraha.

Tulitoka Kisumu saa tisa usiku. Awasi, Kericho, Londiani, Mau Summit, baridi ile ya kutoboa mfupa, hakuna chai. Tulikuwa tumeahidiwa marupurupu tukifika. Tunafika, afisa anasema pesa "ziko njiani". Nahodha akasema basi sisi pia tuko njiani. Hakuna kushuka. Refa anachungulia kutoka getini, wapinzani wanapasha misuli, sisi tumekaa na soksi mkononi. Baada ya dakika arobaini afisa alirudi na mandazi kwenye karatasi ya gazeti na soda mbili kubwa za kugawana watu kumi na wanane. Tukashuka. Tukapigwa 4-0.

Ufaransa waligoma kwa sababu ya Anelka. Sisi tuligoma kwa sababu ya chai.

Kaptembwa Juu
😂😂 Nilikuwa jukwaani siku hiyo! Tuliambiwa basi limeharibika.

Kiraka wa Zamani
Basi lilikuwa zima. Tumbo ndilo liliharibika.

Shabiki Sugu
Ndiyo maana ile ya Sunderland, timu ya Uingereza, ya Netflix huniudhi. Timu inateremka hadi daraja la tatu 2018, wapishi na wafanyakazi wanalia machozi ya kweli, na mchezaji Jack Rodwell ana mkataba mnono hakubali uvunjwe. Hapo nilizima televisheni.

Kiraka wa Zamani
Mkataba ni mkataba, ndugu. Wewe bosi akikwambia rudisha mshahara kwa sababu kampuni ina shida utarudisha?

Shabiki Sugu
Mimi sichezi mbele ya mama anayelia kwenye jukwaa.

Kiraka wa Zamani
Nimecheza mbele ya mama anayelia, bila mshahara. Chagua wewe.

BodaYaMamboleo
Ile ya wale ndugu wawili wa Kolombia je? Pablo Escobar na mdogo wake Andrés aliyejifunga goli. Hiyo ndiyo kali zaidi.

Refa Mstaafu
Kijana, hawakuwa ndugu. Jina tu. Filamu ni ya 2010, inawaweka pamoja kwa sababu pesa za dawa za kulevya za Pablo ziliingia kwenye soka la Medellín, na Andrés alikuwa beki wa Atlético Nacional waliotwaa Copa Libertadores 1989. Pablo aliuawa Desemba 1993. Andrés alijifunga kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Marekani tarehe 22 Juni 1994, wakalala 2-1, akapigwa risasi Medellín tarehe 2 Julai. Siku kumi. Katikati hapo alikuwa ameandika gazetini kwamba maisha hayaishii hapa.

BodaYaMamboleo
Asante jaduong'. Miaka yote nimekuwa nikiwadanganya abiria.

KipaMstaafu
Huwa nasoma tu, siandiki. Hiyo ya Escobar ndiyo imenitoa shimoni. Nilishindwa kuimaliza.

Nilikuwa kipa wa timu moja ya huku kwetu, siitaji. Mechi ya mwisho ya msimu, sare ilitutosha kupanda daraja. Mshahara hatukuwa tumeuona miezi mitano. Chumba changu Manyatta nilikuwa na deni la miezi mitatu, na mwenye nyumba alikuwa ameshang'oa mlango. Wiki mbili nililala nyuma ya pazia, njumu zikiwa chini ya mto.

Alhamisi natoka mazoezini, mtu akanisimamisha. Hakutuma kwa M-Pesa, alijua anachofanya. Elfu 15 ndani ya gazeti. Bao moja tu, kipindi cha pili. Nilichukua. Sitadanganya hapa. Usiku huohuo nikalipa kodi, na Ijumaa asubuhi fundi akarudisha mlango, nikasimama pale nikiufungua na kuufunga kama mtu hajawahi kuona mlango.

Ijumaa usiku usingizi ukakataa. Nikaamua sifungwi, na wakija watanikuta. Jumamosi nilidaka kama nimepandwa na kitu. Glavu zangu zilikuwa zimebanduka kiganjani, nilikuwa nimezishindilia kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi ya fundi viatu, lakini siku hiyo kila mpira ulinata. Watu wakaimba jina langu.

Dakika ya 82. Beki wetu wa kushoto, namba tatu, ana mpira, hakuna anayemsumbua. Ananirudishia. Pasi safi kabisa. Sasa uwanja ule siku za kawaida ng'ombe hulishwa humo. Mvua ilikuwa imenyesha mapema wiki ile, kisha jua likawaka, nyayo za kwato zikakauka zikawa vishimo vigumu kama saruji. Kushika kwa mkono siwezi, sheria haitaki. Nikaja nipige mbele. Mpira ukagonga ukingo wa kishimo, ukaruka, ukapita juu ya kiatu changu. Haukunigusa hata unyoya. Nikageuka, nikauona unaenda taratibu kama kuku anayerudi kulala.

Refa akaandika jina la namba tatu. Bao la kujifunga. Na fununu kwamba kuna mtu amekula pesa zilikuwa zimeshazagaa tangu asubuhi. Nani angenishuku mimi niliyeokoa sita? Mashabiki walimngoja getini. Alivunjwa vidole viwili. Siku ileile kulikuwa na mtu wa timu kubwa ya Nairobi aliyekuja kumtazama yeye hasa. Aliondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Namba tatu hakucheza tena.

Usiku yule wa gazeti akanipigia: "Kazi safi, kipa."

Sasa ni miaka tisa. Namba tatu ana boda, stage ya Kondele. Nikipanda hataki pesa yangu. Husema, "Wewe peke yako ndiye hukunilaumu."

MlaOmena
Eh.

Kaptembwa Juu
Nimesoma mara mbili. Chai yangu imepoa.

K'Ogalo Damu
Samahani lakini sikuamini. Ulikula pesa ya bao moja, kipindi cha pili, na bao moja likaingia kipindi cha pili. Halafu unatuambia ni ng'ombe?

JezI_ya_Buluu
Leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu wa K'Ogalo. Ng'ombe amesingiziwa.

Kiraka wa Zamani
Nyinyi hamjawahi kucheza kwenye viwanja vya huku. Nimeona mpira wa penalti ukikwepa mguu wa mpigaji. Namwamini.

Refa Mstaafu
Kwa upande wa sheria, kama haukumgusa kipa, jina ni la beki. Mwenzangu aliandika sawasawa. Lakini nikwambie kijana: jioni ile ungeweza kumpigia simu. Waamuzi tulikuwa tunapokea simu.

KipaMstaafu
@K'Ogalo Damu huna deni la kuniamini. Hata mimi kuna siku najiuliza kama mguu ulichelewa wenyewe.

Shabiki Sugu
Pesa ulirudisha?

KipaMstaafu
Hapana. Ilikuwa mlango.

BodaYaMamboleo
Ngoja. Mimi nabeba watu Mamboleo na Kondele. Nadhani namjua huyo jamaa. Vidole vya mkono wa kushoto havikunji vizuri, klachi huishika kwa kiganja?

MtotoWaZiwa
@BodaYaMamboleo FUTA HIYO. Usimtaje, usimsogelee. Si yako kusema.

BodaYaMamboleo
Sisemi. Nimeuliza tu.

MamaWawili
Mwanangu, mwendee. Usimwambie barabarani. Nenda nyumbani kwake, ukae, mke wake awepo, umwambie yote hadi ya mlango. Anaweza kukufukuza. Afukuze.

Kiraka wa Zamani
Mama kwa heshima zote, usiende. Huyu mtu ana rafiki mmoja kutoka maisha yake ya mpira, unataka kumnyang'anya huyo pia? Ni moyo wako unaotaka kupumzika, si wake.

MamaWawili
Na huyo rafiki mmoja ni wa kweli?

Kaptembwa Juu
Mpelekee kofia mpya ya boda na reflekta kwanza. Pole pole. Baadaye ndiyo maneno.

MlaOmena
Mbuzi. Kwa jambo la uzito huu kofia haitoshi, kokota mbuzi.

Shabiki Sugu
Mbuzi ana bei gani siku hizi, atalipa na nini, elfu 15 nyingine?

JezI_ya_Buluu
Mimi ningesema kwa mashabiki waliomvunja vidole. Wako wapi? Hao ndio waandike uzi wao hapa. Mnamtafuna kipa peke yake.

K'Ogalo Damu
Hapo umenena. Na niseme ukweli, nilikuwepo kwenye lango kama lile mara moja, si hilo, mechi nyingine. Sikupiga mtu. Nilishika begi la aliyepiga.

Kaptembwa Juu
Uzi umegeuka ungamo la kanisa.

Refa Mstaafu
Mnajua George Best alifariki 25 Novemba 2005 na Maradona 25 Novemba 2020? Tarehe ileile. Hutokea nikiwaza mambo haya usiku.

Shabiki Sugu
Jaduong' lala.

MtotoWaZiwa
KipaMstaafu, uko? Tangu mchana umenyamaza.

KipaMstaafu
Niko. Nimesoma zote. Nilitoka kazini saa kumi na moja, nikafika stage, nikamwona, akaanza kupangusa kiti kwa kile kitambaa chake. Nikamwambia leo daktari amesema nitembee. Nimetoka Kondele hadi Mamboleo kwa miguu.

MamaWawili
Kesho je?

MlaOmena
Lakini hakuna aliyenijibu, hiyo ya Napoli iko wapi?