Mwenye bastola nyumbani aonyeshe sefu kwanza, ndipo ahuishiwe cheti?

Mwanzilishi wa mjadala, South B

Ndugu zangu, jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumapili. Kaka yangu ana bastola yenye leseni. Ni mtu makini, halewi, hana ugomvi na jirani yeyote. Tukiwa mezani kwake nikamuuliza huiweka wapi, akajibu kwamba iko mahali ambapo hakuna mtoto anayepajua. Njiani tukirudi, mwanangu wa miaka minane akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, bunduki ya mjomba iko kwenye boksi la viatu juu ya kabati." Binamu yake ndiye aliyemwonyesha.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki aihifadhi salama wakati wote na achukue hadhari isiibwe wala isifikiwe na asiye na ruhusa. Sasa, "salama" ya kaka yangu ni boksi la viatu. Cheti cha kumiliki silaha huhuishwa kila mwaka. Napendekeza kisihuishwe mpaka ofisa afike nyumbani aone kwa macho yake sefu ya chuma iliyopigwa bolti ukutani au sakafuni. Asiye na sefu, bastola yake ikae kituo cha polisi. Mnaonaje?

Mfanyabiashara, Gikomba

Dada, pole kwa mshtuko huo, lakini napinga. Mimi nilivamiwa langoni kwangu saa tatu usiku nikirudi na mauzo ya siku. Ndiyo sababu nikaomba leseni. Jambazi hakungoji utafute ufunguo. Bastola ndani ya sefu, risasi ndani ya sefu nyingine, hapo una chuma tu.

Na huyo ofisa wa kukagua? Leo anajua nina bastola na anajua iko chumba gani. Kesho akihamishwa au akiacha kazi, habari hiyo anaondoka nayo. Siri ya nyumba yangu ikishafika kwa mtu wa tatu si yangu tena.

Mkufunzi wa shabaha

Mzee wa Gikomba, hoja ya ufunguo ina jibu. Zipo sefu ndogo za vitufe au za alama ya kidole, zinafunguka kwa sekunde chache. Bastola ikiwa kiunoni mwako iko chini ya uangalizi wako. Ukiivua uende kuoga, ifungie. Kati ya hizo mbili hakuna hali ya tatu, hata droo ya kitanda.

Kinachonitia hofu zaidi ni watu kuchomoa magazini, yaani kibebeo cha risasi, na kuamini bastola haina kitu. Bastola kama Ceska na Glock hujijaza zenyewe, na risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapofyatuliwa, baada ya magazini kutoka. Anza kwa kuchomoa magazini, ndipo uvute slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, na uangalie chemba kwa jicho, kisha uipapase kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo, ukavuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, utaitoa risasi moja na kuingiza nyingine papo hapo, huku moyoni umetulia kwamba umemaliza. Wakati wote huo kidole kiwe nje ya triga, na mtutu uelekee pasipo na mtu. Mnaoishi kwenye fleti, fikirieni jirani wa chini na wa ubavuni kabla hamjasema "ukuta tu huo".

Mkazi wa Kangemi

Mnajadili bastola za wenye magari. Desemba 2021, hapa upande wa Kabete, askari polisi alimpiga risasi mkewe, akaua na watu wengine, kisha akajiua. Alitumia bunduki ya kazi. Sefu gani ingemzuia mtu ambaye ufunguo anao yeye? Kwangu mimi swali ni nani anamtazama mwenye silaha anapoanza kubadilika, na silaha ya serikali inafuata nini nyumbani zamu ikiisha.

Kijana wa Umoja

Na majambazi je? Wao hawahuishi cheti chochote. Mwaka 2016 serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 kule Ngong'. Huko ndiko kwenye kazi, mwacheni raia mwema.

Mwanzilishi wa mjadala

Kijana wangu, bastola ikiibwa juu ya kabati la raia mwema inaingia kwenye hesabu hiyo hiyo ya haramu. Kangemi, umenena kweli, sefu haimzuii mwenye ufunguo. Humzuia mtoto, mwizi na mgeni, nami sidai zaidi ya hapo. Hilo la askari linastahili mjadala wake, na nitauchangia.

Gikomba, hofu yako ya siri kutoka imeniingia, sikuwa nimeiwaza. Nabadilisha pendekezo: mwenye bastola apeleke picha ya sefu na risiti, na ukaguzi wa nyumbani ufanyike pale tu penye shaka. Lakini kwenye kuficha silegezi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wa familia za Alabama, uliwauliza wazazi peke yao na watoto peke yao. Kati ya wazazi waliosema watoto wao hawajui bunduki ilipo, karibu wanne kwa kila kumi walikanushwa na watoto wenyewe. Niliposoma nilimwona mwanangu kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Jana nimempigia kaka. Alikasirika kwanza, akasema namfanya aonekane mzembe. Usiku akanitumia ujumbe akiuliza: nyumba ni ya kupanga, je, anaweza kutoboa ukuta apige bolti za sefu bila idhini ya landilodi, na kama ni lazima aombe, atamwambia sefu ni ya nini? Mkufunzi, wateja wako wa nyumba za kupanga hufanyaje?