Naomba ushauri: uzio mkubwa wa kuku nyuma ya nyumba

Ndugu wafugaji, salaam. Ninafuga kuku chotara 25 hapa Morogoro mjini, na uzio wao wa sasa, wenye mita 3 kwa 4, umekuwa mdogo kiasi kwamba wameanza kudonoana manyoya ya mkiani, na ardhi imebaki tupu bila hata jani moja. Ninakusudia kujenga mwingine wa mita 6 kwa 10, uliofunikwa wavu hadi juu, kwa sababu mwewe wa huku hawana haya hata mchana kweupe.

Kinachonitatiza zaidi ni wavu wenyewe. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita una bei nafuu na unatosha kumzuia kuku asitoke, lakini mnyama mwenye nia anaweza kuurarua, na nguchiro hupitia chini. Ule wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi ni imara, ila kuuzungushia eneo lote ni gharama kubwa mno. Je, inafaa niweke ule imara mita 1 ya chini, nikiuzika sentimita 30 ardhini, kisha juu nimalizie na ule mwepesi?

Nguzo nazo ni mtihani, maana mirunda huliwa na mchwa. Aidha, kwa waliowahi kugawa eneo pande mbili ili majani yaote upande mmoja kuku wakiwa upande wa pili, je, tope la masika lilipungua?